Maji Yachukuliwe Kuwa Yapo

Haya si ya zamani wala si ya kale. Ni ya msimu uliopita wa kupanda, katika nchi ambayo sitaitaja jina, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imehamia mji mwingine bila kusema ni upi. Ni nchi nzuri. Kila jambo lina waziri wake. Hata mambo ambayo hayapo yana naibu waziri, anayeyasubiri yawepo.

Sisi tunakaa upande huu wa ziwa, na mashamba yetu yako ng'ambo. Katikati pana mkono wa maji, mwembamba kiasi kwamba ukiita kwa sauti ile ya kuitia kuku, mtu wa ng'ambo anaitika. Mamba hatuna. Walikuwapo, wakahama, nadhani ulikuwa uhamisho wa kawaida. Tunavuka kwa mtumbwi wa kijiji, majembe miguuni, mbegu mapajani.

Msimu wa kabla ya huo, mtumbwi ulipinduka. Haukupindukia katikati. Ulipindukia hapa hapa karibu na ufukwe, mahali ambapo mtu mwenye miguu mirefu angesimama tu. Minza, shoga yangu, hakuwa na miguu mirefu, na katika maisha yake yote hakuna aliyemwambia kwamba maji yanaweza kumbeba mtu. Alikwisha pale, jembe mkononi, sisi tuliokuwa ufukweni tukimtazama na kupiga mayowe. Mayowe ndiyo kitu pekee tulichojua kufanya kuhusu maji.

Baada ya arobaini, binti yake Kabula alikuja kwangu. Kabula ana watoto wadogo na shamba moja tu, lile la mama yake, ng'ambo. Alikaa kwenye kigoda changu, akanyoosha kitenge chake magotini, akasema:

"Mama mkubwa, shamba ni lile lile na maji ni yale yale. Mvua ikinyesha nitavuka. Lakini sivuki tena kama gunia."

Serikali nayo ilihuzunika. Waziri wa Elimu ya Watu Wazima na Mambo Yanayofanana na Hayo alisema redioni kwamba kuanzia mvua za kwanza, hakuna mtu atakayepanda chombo chochote bila Cheti cha Kuogelea. "Na tutawafundisha!" alisema. "Tena kwa vitendo! Mtu mzima hajifunzi kwa kuhutubiwa. Mtu mzima hujifunza kwa mikono yake!" Aliendelea kutuhutubia kuhusu ubaya wa kuhutubiwa mpaka betri za redio yangu zikalegea, sauti yake ikawa nzito kama ya ng'ombe, halafu ikazimika. Nilizianika betri juani, lakini nilipowasha tena alikuwa bado anaendelea.

*

Mwalimu tuliyeletewa aliitwa Atupele. Msichana mwembamba kutoka milimani, amevaa raba nyeupe. Alipoingia kwenye chumba cha shule alitutazama sisi wazee tulivyobanana kwenye madawati ya watoto, akaanza kutuamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, mpaka mlango wa nyuma. Mzee Lusana, ambaye hupenda kuchokoza, alijifanya hakusikia ili apewe mbili. Akapewa mbili.

Halafu, badala ya kuandika ubaoni, akatuuliza, "Wazee wangu, nani hapa amewahi kuona kitu kinaelea?"

Nani hajaona? Tukaanza kutaja. Kibuyu. Dumu tupu. Bata. Jani. Ndaki, mume wa binti yangu, akasema kutoka kona yake, "Ahadi." Tukacheka. Mwalimu hakusema huyu amekosa wala huyu amepata. Alituuliza tu, "Kibuyu kina nini ndani hata kielee?"

"Hewa," tukasema.

"Na mama huyu hapa, kifuani ana nini?"

"Ana maneno," akajibu Mzee Lusana.

Tulicheka tena, lakini nilimwona Kabula ameweka kiganja kifuani, anavuta pumzi taratibu, kama mtu anayepima mtungi kabla ya kuununua.

Mwalimu akaleta beseni la maji. Akauliza nani hajawahi kupuliza moto jikoni. Hapakuwa na mtu. "Basi pulizeni hivyo hivyo, ila mdomo uwe ndani ya maji." Tukapuliza. Maji yakachemka bila moto. Bi Holo, mama mnene anayekaanga maandazi sokoni, alipuliza hadi akanilowesha kilemba. Siku ile tulirudi nyumbani tumelowa nyuso, na kila mmoja alikuwa na neno la kusimulia. Mimi nimefika darasa la nne tu, lakini nilijua nimesoma.

Kwa hiyo kesho yake serikali ikaja kurekebisha.

*

Aliyekuja ni Bwana Kishosha, Mratibu wa Tarafa wa Ufundishaji Shirikishi. Alikuwa na suti ya kaki, kalamu mfukoni, na kitabu kinene kinachoitwa Mwongozo, ambacho alikibeba kifuani kama mtoto mchanga mwenye homa.

"Mwongozo unasema washiriki wakae duara," alitangaza, "ili pasiwe na mkubwa wala mdogo."

Tukasogeza madawati, tukakaa duara. Bwana Kishosha akatafuta pa kukaa yeye. Akazunguka upande huu, akazunguka upande ule, jasho likamtoka.

"Mbele ni wapi?"

"Duara halina mbele, bwana mratibu," Mwalimu Atupele akasema kwa adabu.

"Haiwezekani. Mgeni rasmi atakaa wapi?"

Akatoka nje kupiga simu wilayani. Wilaya wakauliza mkoani. Jibu lilipokuja lilikuwa la busara sana: duara liwe na mbele. Basi likakatwa ubavu mmoja, ikawekwa meza yenye kitambaa cha buluu, maua ya plastiki, na chupa za maji kwa ajili ya wageni. Nitaje kwamba zile chupa ndizo maji pekee yaliyoruhusiwa darasani kuanzia siku ile hadi mafunzo yalipokwisha. Beseni lilichukuliwa kama kifaa hatarishi.

"Sasa twende ziwani?" aliuliza Kabula.

"Ziwa halijazinduliwa," alisema Bwana Kishosha.

Mzee Lusana akanyanyua mkono. "Bwana mratibu, ziwa hili lilikuwapo kabla ya bibi yangu kuzaliwa."

"Lilikuwapo kienyeji, mzee. Kimpango halijazinduliwa. Mpaka mgeni rasmi atakapofika kulifungua, mafunzo yatafanyika hapa, na maji yachukuliwe kuwa yapo."

Akafungua Mwongozo, akatusomea kuhusu igizo. Igizo ni mbinu bora ya kumfundisha mtu mzima, alisema, na kwa kuwa maji hayapo, mshiriki mmoja ataigiza maji. Alimchagua Bi Holo kwa sababu ya eneo lake. Lakini uteuzi wa Maji kamili hufanywa na Waziri, kwa hiyo Bi Holo akawa Kaimu Maji. Kazi yake ilikuwa kupita kati ya madawati akitikisa kitenge cha buluu na kusema "chwa, chwa," nasi tulale kifudifudi juu ya dawati tukipiga mikono.

Bi Holo ni mwanamke mwema, tumekuwa naye kwenye ngoma na misiba. Lakini madaraka hata ya kuigiza ni madaraka. Kabla wiki haijaisha alikuwa hapiti tena, tunapita sisi. Mzee Lusana alipoomba kwenda kujisaidia, Kaimu Maji alimwambia apite kwake kwanza, kisha akamwambia arudi saa nane kwa kuwa kina chake hakijakaa sawa.

"Holo, nitakukojolea," alisema Mzee Lusana.

"Utakuwa umechafua chanzo cha maji," alijibu Bi Holo, wala hakutabasamu.

*

Kisha likaja suala la wawili wawili. Mwongozo ulisema mshiriki mmoja alale kwenye dawati na mwenzake amshike kiuno, na washiriki wapangwe kwa herufi za majina yao. Mimi ni Mbuke. Anayenifuata kwa herufi ni Ndaki.

Ndaki ni mkwe wangu. Kwetu sisi mtu na mama mkwe wake hawapeani hata mkono. Akinikuta njiani anaingia vichakani, nami nageuka natazama mti. Tumeishi hivyo kwa heshima tangu alipomwoa binti yangu, na nampenda sana, kwa sababu sijawahi kumtazama vizuri. Sasa serikali ilikuwa inamwagiza anishike kiuno.

Ndaki alitazama dari. Mimi nilitazama maua ya plastiki.

"Bwana mratibu," nilisema, "huyu ni mkwe wangu."

"Katika Mwongozo hakuna mkwe, bibi. Kuna Mshiriki A na Mshiriki B. Mshiriki B, mshike Mshiriki A!"

Ndaki aliondoka kupitia dirishani. Mlango ulikuwa upande wangu.

Bwana Kishosha alipokwenda kula, Mwalimu Atupele alikaa chini sakafuni kati yetu, akakumbatia magoti. "Wazee wangu," akasema, "mimi ni mgeni hapa. Niambieni, mkienda kuoga ziwani, mnafanyaje ili mkwe asimwone mkwe?"

Tukamwambia. Wanawake upande huu wa matete, wanaume upande ule. Anayefika anakohoa kwanza. Na mtu huenda na shoga yake, yule anayemsugua mgongo.

"Kumbe darasa mlishalipanga kabla sijazaliwa," akasema.

Ufukweni palikuwa pamesimikwa bango kubwa: NI MARUFUKU KUJIFUNZA KUOGELEA KABLA YA UZINDUZI. Tulilisoma pole pole, herufi kwa herufi, kwa sababu sisi ni watiifu. Hapakuwa na neno lolote kuhusu kufua.

Kwa hiyo tukaanza kufua. Tulikuwa tunafua nguo kila asubuhi, tukiwa tumezivaa.

*

Sasa nieleze vile Mwalimu Atupele alivyofundisha kufua, maana kuna watu huko nje wanafundisha wazee na wanadhani mzee ni mtoto aliyechakaa.

Hakutuambia mengi. Alisema jambo moja, tukalifanya, tukalirudia, ndipo akasema la pili. Aliyeweza jana alimwonyesha asiyeweza leo, na mara nyingi yeye mwenyewe alikaa kando akipiga makofi tu. Tukikosea alisubiri. Bi Holo, akiwa huku si Kaimu wa chochote, alizama, akaibuka amemeza maji, akatukana tusi ambalo sijalisikia tangu ujana wangu. Mwalimu akamwuliza, "Mama, umegundua nini?" Bi Holo akafikiri. "Nimegundua nikitukana chini ya maji nazama." Likawa somo la siku: funga mdomo. Wengi wetu lilitufaa hata nyumbani.

Kabula ndiye alikuwa mgumu. Maji yakifika magotini, miguu yake ilikataa. Alisimama tu, macho yako mahali pale pale.

"Namwona mama," alisema.

Mwalimu hakumvuta wala hakumwambia asiogope. Alisema, "Basi leo usiende popote. Simama naye hapo." Wakasimama wote wawili, magoti ndani ya maji, sisi tukiendelea kufua. Siku nyingine ikawa mapaja. Nyingine kiuno. Hatimaye akakubali kulala chali, kisogo chake kimelala kwenye kiganja changu, na mimi nimesimama kama nguzo.

Mwalimu alinivuta sikio kidogo, kwa heshima, akaninong'oneza: "Mtoto unaweza kumwachia bila kumwambia, akiona ameelea atacheka. Mtu mzima ukimwachia kwa hila, hatakuamini tena. Muulize."

Kwa hiyo nilikuwa namwuliza. "Kabula, nikuachie?"

"Hapana, mama mkubwa."

"Haya."

Kesho yake, "Nikuachie?"

"Bado."

"Haya. Mkono wangu hauna kazi nyingine."

Na kweli ulikuwa unauma, ila sikumwambia. Nikamwuliza tena na tena, hadi asubuhi moja ukungu ulikuwa bado juu ya maji, akafumba macho, akavuta pumzi ikamjaa, akasema, "Achia."

Nikaachia. Kabula alikaa juu ya maji kama jani la yungiyungi. Alilia, machozi yakaingia masikioni, lakini hakuzama. Bi Holo akapiga kigelegele, na upande wa pili wa matete nikamsikia Ndaki akijibu kwa kikohozi cha furaha.

*

Kigelegele kile kilimleta Bwana Kishosha, Mwongozo kifuani, suruali amekunja.

"Mnafanya nini humo majini?"

"Tunafua, bwana mratibu," nilisema.

"Nguo ziko wapi?"

"Tumezivaa."

"Sabuni iko wapi?"

"Imeadimika. Serikali ilitangaza tubane matumizi."

"Na huyo mwalimu?"

"Anatuangalia tusiibiane."

Bwana Kishosha alifungua Mwongozo. Akatafuta kufua. Kufua hakumo kwenye Elimu ya Watu Wazima. Kumo kwenye Afya na Usafi, ambao wana Mratibu wao, ambaye hawasalimiani tangu wagombee gari. Ili kutukataza kufua ilibidi iundwe kamati ya wizara mbili. Aliiunda. Kamati ilikaa ikachagua mwenyekiti, na hapo ndipo ilipogawanyika. Sisi tukaendelea kuwa wasafi.

*

Mawingu ya mvua yalipoanza kukusanyika, mgeni rasmi akafika. Alikuwa Naibu Waziri, mtu mwenye tumbo la kupendeza na miwani ya jua. Utepe ulikuwa umefungwa ufukweni, mti hadi mti, na ziwa likiwa nyuma yake limetulia kana kwamba nalo linasubiri. Akakata. Tukapiga makofi.

"Kuanzia leo," alisema, "ziwa hili ni rasmi!"

Kabula akaanza kuvua viatu. Bwana Kishosha akamzuia. Ziwa sasa limezinduliwa, alieleza, kwa hiyo ni mali ya taifa, na mali ya taifa haiingiliwi na miguu yenye matope. Mtihani ungefanyika darasani kama ilivyopangwa.

Tukaingia kwenye duara lenye mbele. Mgeni rasmi akanywa maji ya chupa. "Washiriki, mnashiriki?" Bwana Kishosha aliuliza kwa sauti.

"Tunashiriki!" tukajibu, kama tulivyofundishwa.

"Kwa hiari?"

"Kwa hiari!"

"Kaimu Maji, mahali pako!"

Bi Holo akatikisa kitenge. Chwa, chwa. Tukalala juu ya madawati. Mzee Lusana, ambaye siku zote za kufua alikataa kulowana zaidi ya vifundo vya miguu, alilala usingizi wa kweli palepale juu ya dawati, akakoroma. Mtahini aliyekuja na mgeni rasmi alisema ametulia sana majini, akampa daraja la juu. Mimi nilipunga mikono kama mtu anayefukuza nzi kwenye samaki. Nikapewa Sifa.

Kabula alipofika zamu yake alifanya vile ambavyo mwili wake ulikuwa umezoea. Mkono mbele, mkono nyuma, akageuza uso pembeni, akavuta pumzi.

"Amepumua!" alipiga kelele Bwana Kishosha.

 Hata Maji yaliacha kutikisika.

"Mheshimiwa, kupumua kumo katika Ngazi ya Pili. Huyu yuko Ngazi ya Kwanza."

Mgeni rasmi alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Amefeli."

Mwalimu Atupele akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilisikika. "Mheshimiwa, mama huyu anaelea. Anaogelea. Ziwa liko hapo nyuma ya ukuta. Tembeeni kidogo tu mkaone."

"Mwalimu, kuelea si kigezo."

"Kigezo ni nini?"

"Ni kufuata vigezo."

"Mama yake alizama hapo, mheshimiwa. Mpango huu ulianzishwa kwa ajili yake."

"Na ndiyo maana," mgeni rasmi alisema kwa upole, "hatuwezi kuufanyia mzaha."

Mwalimu Atupele alihamishwa siku ile ile. Alipelekwa kufundisha kuogelea katika mkoa ambao mvua husikika redioni tu, na ambako mpango umefanikiwa kikamilifu, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyezama. Kabla ya kupanda gari alituamkia mmoja mmoja, kama siku ya kwanza. Alipofika kwa Kabula alimshika mikono yote miwili, akamwuliza, "Unajua, au hujui?"

"Najua," alisema Kabula.

"Basi mtihani umekwisha."

*

Mvua ikanyesha. Asubuhi yake udongo wa ng'ambo ulikuwa mweusi, tunauona kabisa, unafuka mvuke. Udongo kama ule haungoji. Ukichelewa kidogo magugu yanakutangulia.

Tulishuka ufukweni na majembe yetu. Kwenye mtumbwi alisimama askari kijana, buti mpya, anakagua vyeti. Mimi nikaonyesha changu chenye Sifa, nikapanda. Mzee Lusana akapanda na daraja lake la juu. Bi Holo akapanda. Akafika Kabula.

"Cheti, mama."

"Sina. Nilipumua."

"Basi rudi nyumbani usubiri mtihani wa mwakani."

"Na mpaka mwakani watoto wangu wale nini, afande? Vigezo?"

Askari akatazama buti zake. Hakuwa kijana mbaya. "Mama, mimi natekeleza tu. Bila cheti hupandi chombo."

"Jembe je? Linahitaji cheti?"

Askari akafikiri. "Amri inasema mtu."

"Na mbegu?"

"Mbegu si mtu."

Kabula akaweka jembe lake ndani ya mtumbwi. Akaweka mfuko wa mbegu juu yake. Akafunga kitenge chake kiunoni, fundo, na fundo la pili. Kisha akatembea kuingia majini, pole pole, magoti, mapaja, kiuno, kana kwamba anaingia kwenye chumba cha nyumba yake mwenyewe.

"Mama! Unakwenda wapi?"

"Shamba."

"Ni marufuku kupanda chombo!"

"Nimepanda nini, afande?"

Alipofika mahali pale, sote tulijua ni pale.  Kabula aligeuka chali, akalala juu ya maji, akatazama mbingu kwa kitambo. Kisha akageuka, akaanza kwenda.

Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya mtumbwi unaolindwa na serikali, nimekauka, nina cheti. Na niwaambie ukweli, sijawahi kuona aibu ya kukauka kama ile.

Nikamwambia mpiga kasia, "Nishikie mtumbwi, baba."

"Bibi Mbuke! Unashuka? Wewe si umefaulu?"

"Nimefaulu, mwanangu. Kikalie hiki kisipeperuke." Nikampa cheti. Nikachukua dumu langu tupu, nikalikumbatia kwapani, maana mifupa yangu si ya Kabula, nikateremka.

Nyuma yangu nikasikia mtumbwi unayumba. Bi Holo alikuwa anashuka, na Bi Holo akishuka ziwa linapanda. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, kila aliyejifunza kufua. Vyeti vikarundikwa miguuni pa Mzee Lusana, ambaye alibaki abiria peke yake ndani ya mtumbwi, amekaa wima kama jumbe. "Mimi nimefaulu zaidi yenu," alisema, "kwa hiyo sitoki." Ndaki na wanaume wengine walikohoa, wakazunguka nyuma ya matete, wakaingia kwa upande wao.

Katikati maji ni baridi, na yanavuta kidogo kuelekea kulia. Nilipiga miguu, nikapumzika, nikapiga tena. Nilikuwa naona visogo vya wenzangu mbele, vimefungwa vilemba, kama vibuyu vingi vimetupwa majini. Kulikuwa hakuna kelele. Kupumua tu. Kupumua kwa watu wengi, Ngazi ya Kwanza, bila kibali.

Nilipogusa udongo wa ng'ambo kwa goti, Kabula alikuwa tayari amesimama juu yake, anatiririka maji, ananinyooshea mkono. Mtumbwi ulifika baadaye na Mzee Lusana, majembe, mbegu na vyeti vyote. Tulichukua majembe na mbegu.

Hapo ndipo Bwana Kishosha alipotokea ufukweni kule, kipaza sauti mkononi, askari pembeni yake.

"Washiriki! Mmevuka nje ya utaratibu! Rudini mara moja mvuke upya!"

Kabula aliweka jembe begani. Aliita kwa sauti ile ya kawaida tu, na kule wakamsikia vizuri.

"Njooni mturudishe!"

Bwana Kishosha akamtazama askari. Askari akamtazama Bwana Kishosha. Kisha wote wawili wakayatazama maji.

Tuliwasubiri kidogo, kwa heshima, kama mtu anavyowasubiri wageni. Walipokuwa hawaji, tukawapa mgongo, tukaanza kupanda.